Kaburi la Vespa

Dada yangu Mariam Poni ndiye mwanamke wa kwanza Koboko kuendesha pikipiki, na wanaobisha ninawajua. Walikuwepo. Walisimama kando ya barabara ya Arua, mikono kiunoni, wakamcheka mpaka vumbi likawajaa mdomoni. Leo ukiwauliza wanasema walimpigia makofi. Waseme. Mimi sijasahau nani alicheka.

Ilikuwa Vespa, ya Kitaliano, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na mashavu mawili ya bati huku nyuma. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Karsandas, Mhindi wa duka la vitambaa pale Arua. Mariam alikuwa mkunga, na ndiye aliyemzalisha mke wa Karsandas siku mvua ilipokata njia ya kwenda hospitali. Wahindi walipofukuzwa nchini, wakubwa wetu walikuwa wameshasimama verandani kwake, wanagombania rafu kabla mwenye rafu hajafunga sanduku. Karsandas akatokea mlango wa nyuma, akamtia Mariam ufunguo mkononi.

"Dada, hii ina sakafu," alimwambia. "Mama anapanda na nguo yake. Usiwape wale."

Na kweli, uzuri wote wa Vespa ulikuwa hapo kwenye sakafu. Pikipiki nyingine unazipanda kama punda, mguu huku, mguu kule. Vespa unaikalia kama kiti, miguu yako pamoja mbele yako. Mariam aliketi na kitenge chake, kichwa kimefungwa, mkoba wa mikasi na spiriti umebanwa katikati ya miguu, na hakuna shehe wala padri aliyepata cha kusema, ingawa walitafuta.

Barabara ya Arua, wakati ule na hata sasa, imejikunja kama bati la nyumba. Magurudumu ya Vespa ni madogo, kila kikunjo kinakupiga mpaka kwenye fizi. Wanaume wenye pikipiki kubwa walimshauri aende polepole. Mariam akagundua kinyume chake. Ukienda polepole, unakipokea kila kikunjo kwa mgongo wako mwenyewe. Ukifungua mafuta, gurudumu linaruka juu juu na barabara inalainika. Tangu hapo hakujua polepole ni nini, barabarani wala nyumbani. Alikula amesimama. Aliaga huku ameshatoka. Kule mashambani Kuluba, wanawake wakisikia ule mlio wa pepepepe upande wa mtoni walisema, "Chemsha maji, Poni anakuja."

Mwaka 1979 serikali ikaanguka. Watu wa kusini walisema ilikuwa serikali yetu sisi wa West Nile. Yetu! Mimi sikula hata msumari wake. Waliokula walipanda magari, wakavuka mpaka na mafriji yao. Sisi ambao hatukula tukabaki kujibu maswali. Wanajeshi wapya hawakuja kutenganisha aliyeshiba na aliyelala njaa. Kwao Koboko ni Koboko. Walichukua mabati, milango, cherehani, hata sufuria zenye mboga ndani.

Watu wakaanza kuzika mali. Uani kwa fulani kuna baiskeli chini, jikoni kwa fulani kuna mabati. Wanajeshi nao wakajifunza. Wanamwaga maji uani, pale yanapozama haraka wanajua udongo umefukuliwa, wanachimba. Kitu kimoja tu hawakukigusa, na hicho ni makaburi. Hata mtu mwenye bunduki anaogopa kitu.

Mama yetu, Mama Sitti, alikuwa anachambua mboga siku Mariam alipoingia anaisukuma Vespa kwa mikono, amekwepa kizuizi cha barabarani kwa kupita kwenye mihogo.

"Basi tuizike," Mama akasema.

"Tuzike nini?" nikauliza.

"Hiyo pikipiki. Tuizike kama mutu."

Nilicheka. Mama hakucheka. Baba yetu alifia jeshini Kampala na akazikwa hukohuko, na kile kiwanja chetu cha mjini hakikuwa na kaburi hata moja. Mama akasema basi kitapata.

Mariam alimwaga petroli yote. Akafungua plagi, akatia mafuta mazito ndani ya silinda, akapiga kiki kidogo kidogo ili yasambae. Akaipaka bodi nzima oili chafu ya lori kama anayempaka mtoto baada ya kuoga. Tukaifunga kwa turubai la jeshi, kisha mikeka, kisha kitambaa cheupe. Usukani ulikataa kulala. Mama akaukunjia blanketi, ukawa kama mabega. Plagi na ufunguo Mariam aliviweka kwenye pindo la kitenge, akapiga fundo.

Tukatangaza msiba. Marehemu ni Jada, baba mdogo tuliyemtunga wenyewe, amekufa kwa kipindupindu njia ya Yei, ameletwa ameshafungwa na hafunguliwi. Kwa kipindupindu kila mtu anaelewa. Watu wakaja, wakaketi kwenye mikeka, wakatuletea mihogo na chumvi katika siku ambazo chumvi ilikuwa dawa. Aliyekuja kusoma dua ni jirani yetu Shehe Sulaiti, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mwanawe Nasuru, aliyekuwa koplo wa jeshi lililoanguka, mwenye mabega ya kazi hiyo, alishika jeneza mbele upande wa kulia. Mimi nilishika kushoto.

"Ya Sule," Nasuru akaninong'oneza, jasho linamtiririka. "Huyu mutu alikuwa anakula nini?"

"Alikuwa mnene."

"Kipindupindu inamaliza mutu. Huyu imemunenepesha?"

"Beba bwana. Marehemu anasikia."

Tukateleza kidogo ukingoni mwa shimo, na ndani kitu kikalia ng'oo, chuma kwa chuma. Nasuru akanigeukia, macho yamemtoka.

"Na hiyo iko nini?"

"Meno ya dhahabu," nikamwambia.

Mama akajitupa chini, akalia. Alilia kilio cha kweli, mpaka wanawake wakamshika mikono. Baadaye nilimwuliza alikuwa analilia nini. Akanijibu, "Vya kulilia ni vingi. Nilichagua kimoja."

Shehe Sulaiti alisimama mdomoni mwa shimo. Akavuta hewa puani, mara moja, tena. Akamtazama Mama. Kisha akainua mikono na kusoma dua ndefu kuliko dua nilizosikia zikisomewa watu wenye majina.

Hivyo ndivyo Vespa ilivyozikwa. Mwaka uliofuata vita vikarudi vikali zaidi, na Koboko nzima ikavuka kuingia Zaire na Sudan, na vitanda vichwani. Sisi tuliangukia upande wa Zaire.

Sitasimulia kambi. Nikianza sitamaliza, na waliotufanya tufike kule bado wanakunywa chai. Nitasema la Mariam tu. Alikuwa analima shamba la mtu kwa jembe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unauzungusha mpini: moja, mbili, tatu. Anabadilisha gia. Akiketi, kisigino cha kulia kinapiga chini kama kinachotafuta kiki. Wanawake wakijifungua mbali alikwenda kwa miguu, na mara nyingine alifika mtoto ameshalia na kunyamaza, mara nyingine alifika hapakuwa na mtoto wa kulia. Akirudi alifungua fundo la kitenge, akaipuliza plagi, akafunga.

"Iko pale," aliniambia. "Nikirudi, kitu cha kwanza ni jembe."

Tulirudi mwaka 1987. Nyumba ilikuwa kuta bila paa, na ndani ya sebule umeota mpapai. Lakini kaburi lilikuwepo, limedidimia kidogo, mawe yake pembeni kama tulivyoyapanga. Na kuanzia mguuni mwa kaburi mpaka barabarani, nusu nzima ya kiwanja chetu, imejaa mihogo.

Mihogo ya Nasuru. Alikuwa ametutangulia kurudi. Kiwanja chao kilikuwa kimemezwa na kambi ya jeshi, akaangalia huku na huku, akatuona sisi hatupo, akapanda. Nilipomfuata, hakuacha hata kupalilia.

"Baba yako alimpa baba yangu hii nusu," akasema. "Kabla hajakwenda Kampala. Kwa mdomo."

"Mdomo wa nani? Wote wamekufa."

"Ndiyo maana nakwambia mimi."

Nilitaka kumpiga. Lakini kulikuwa na kamati za RC, mabaraza mapya ya kijiji, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kreti la soda kule sokoni zaidi ya mara moja nikiwaambia watu tusipigane, twende barazani, tuseme kwa sauti. Sasa nikalazimika kuyafuata maneno yangu mwenyewe na kwenda barazani.

Jioni hiyo nikamkuta Mariam kaburini, jembe begani.

"Weka chini," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna karatasi ya hiki kiwanja, na Nasuru hana. Unajua baraza linaamua vipi. Aliyezika mtu wake hapo, hapo ni pake. Kote Koboko wanaamua hivyo. Kaburi hili ndilo shahidi wetu pekee."

"Shahidi ni pikipiki yangu."

"Wanaojua ni sisi watatu."

"Kaka, si wewe uliyepiga kelele sokoni juzi? Kwamba watu wanajenga makaburi ya uongo wapate ardhi?"

"Kaburi la uongo ni lile lisilo na kitu," nikamjibu. "Letu lina kitu."

Akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. Aliweka jembe. Lakini hakulala tena vizuri, na mimi sikulala kwa kusikiliza kama amelala.

Wiki zile alikwenda Kuluba kwa miguu na kurudi kwa miguu, nyayo zimepasuka. Watu walikuwa wanarudi kwa malori, wanawake wenye mimba wamelala juu ya magunia, na mkunga wa pande zote zile alikuwa yeye. Siku moja alirudi mchana, akakaa juu ya mawe ya kaburi, kitu ambacho hata kwa kaburi la Vespa tulikuwa hatukifanyi kwa sababu ya majirani.

"Kwa mke wa Kasimiro nimechelewa," akasema.

Kisigino chake kilikuwa kinapiga jiwe.

Baraza likakaa chini ya paa la soko. Mwenyekiti alikuwa Yakani, mtu aliyechoka, ambaye kila kesi aliisikiliza amefumba macho. Nilisema. Nilisema vizuri, na sioni haya kujisifu. Niliwaambia kwamba sisi tumenyang'anywa na wa juu, tumenyang'anywa na wageni, na sasa tukianza kunyang'anyana wenyewe kwa wenyewe juu ya mashimo ya mihogo, basi wale waliotufukuza waje tu wachukue na majina yetu. Watu wakapiga makofi. Yakani akafumbua jicho moja.

"Sule, umemaliza Uganda yote. Rudi kwenye kiwanja. Mutu wenu gani iko chini pale?"

"Baba yetu mdogo Jada."

"Nani alimwona akizikwa?"

Nikageuka. "Nasuru alimbeba."

Watu wakamgeukia Nasuru. Nilitegemea abishe. Aseme hakuona uso, aseme jeneza lililia chuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Nasuru alisimama, akatazama chini.

"Nilimbeba," akasema. "Baba yangu alimsomea. Kaburi iko ya kweli."

"Kwa hiyo kiwanja?"

"Kama kaburi iko, kiwanja iko yao. Lakini andika hii pia, mwenyekiti. Kaburi likifunguliwa, mimi narudi hapa."

Yakani akaona hilo ni jambo dogo. Nani hufungua kaburi? Akaamua: kiwanja chote ni cha Mama Sitti, Nasuru avune mihogo yake akiwa tayari, kaburi liheshimiwe. Nilitoka nimebebwa na watu. Nilikuwa nimeshinda, na hata sikuangalia uso wa Mariam mpaka tulipofika nyumbani.

"Kwa hiyo ndiyo basi," akasema. "Nimeizika kweli."

"Tuna ardhi, Mariam. Mama ana mahali pa kufia."

"Mama hajafa. Wanaokufa wako Kuluba."

Mama alikuwa mlangoni, ametusikia. Alikwenda akaleta jembe la pili, akaliegemeza ukutani, akarudi jikoni kwake.

Asubuhi niliamka kwa sauti ya chuma kwenye udongo. Jua limeshatoka, barabara imejaa watu waendao sokoni, na dada yangu amesimama ndani ya kaburi mpaka magotini, kitenge kimefungwa juu, anatupa udongo nyuma kama mbwa. Mama anasukuma udongo pembeni kwa jembe lake.

"Acha!" nikapiga kelele. "Mariam! Watu wanaona!"

"Waone."

"Tutapoteza kiwanja leo leo!"

"Wewe kaa na kiwanja. Shuka unisaidie au ondoka, unanizibia mwanga."

Sikushuka, sikuondoka. Nilisimama pale nikigeukageuka, huku barabara, huku shimo, na nilipogeuka mara nyingine Nasuru alikuwa ametoka kwenye mihogo yake. Alikuwa na panga la kuvunia. Alisimama ukingoni, palepale aliposimama baba yake.

Jembe likagusa turubai. Mariam akapiga magoti, akararua kwa mikono. Kwanza likatoka blanketi lililooza, kisha mpira wa mpini, kisha taa ya mbele, imezibwa na udongo kama jicho la kipofu. Barabarani mtu mmoja akapiga yowe, akafikiri ni maiti. Mwingine akasema, "Iko na taa!" Kisha vicheko, vile vicheko ninavyovijua.

Nasuru hakucheka.

"Meno ya dhahabu," akaniambia.

"Nenda barazani," nikamwambia. "Nenda, umeshinda. Unangoja nini?"

"Nilijua tangu zamani."

"Ulijua nini?"

"Baba alinambia. Tulipokuwa tunakimbia. Alisema, yule wa kwa Sitti ana harufu ya petroli. Alisema, niliisomea pikipiki, Mungu anisamehe, lakini yule mama alikuwa na macho ya mutu anayezika mutu."

"Na barazani ukanyamaza? Ungesema hilo neno moja, mihogo yote yako!"

Nasuru alinitazama kama ninavyotazama mimi wakubwa.

"Nisimame sokoni," akasema, "niseme Shehe Sulaiti alisomea pikipiki? Wacheke baba yangu kama wanavyocheka sasa? We Sule unajua kusema. Kunyamaza hakuna mutu alikufundisha."

Nikatazama chini. Ni nadra kwangu.

Kumbe shehe hakufika kambini. Walipokuwa wanavuka, mzee alianguka kando ya kijito karibu na Ingbokolo, upande wa Zaire, na risasi zinakuja nyuma. Nasuru alimfunika kwa mawe na matawi, hakuna shimo, hakuna dua, akakimbia. Alisema yote hayo akiwa amesimama juu ya kaburi letu, panga mkononi, watu barabarani wameacha kucheka.

Mariam alikuwa ameshafuta udongo kwenye kiki. Aliikanyaga kwa mkono. Ikashuka, nzito, ikapanda. Ndani bado kulikuwa na mafuta.

"Nasuru," akasema bila kuinuka. "Mahali unapajua?"

"Napajua. Kila siku naenda pale kwa kichwa."

"Nikiitengeneza, nitakupeleka."

Nasuru alichomeka panga lake udongoni. Kisha akasema, "Itoe. Lakini shimo usifukie."

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyeipigia kelele ile sheria. "Hapana!" nikasema. "Mama, unasikia? Akizikwa mtu wake hapa, hapa ni pake! Anatunyang'anya kiwanja kwa mifupa!"

Mama alikuwa amekaa juu ya lundo la udongo, anapumua. "Sule, keti," akasema. "Yule mzee alinusa, akaniangalia machoni. Angesema neno moja, wale wenye bunduki wangetumaliza. Akasoma dua yote mpaka mwisho, hakuna maiti. Dua yake iko humu ndani na haina mutu. Aje alale ndani yake."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja hakitembei."

Tuliitoa kwa kamba, sisi wanne, na Nasuru alishika mbele upande wa kulia, na mimi kushoto.

Kiti kililiwa na mchwa. Shavu moja la bati limetobokatoboka mpaka unaona upande wa pili. Matairi yamekakamaa. Tukaipakia kwenye lori mpaka Arua kwa fundi Drani, Mlugbara mmoja ambaye mtoto wake wa kwanza alitokea mikononi mwa Mariam. Drani aliizunguka, akavuta lile turubai lililokuwa bado limeng'ang'ania chini ya sakafu.

"Hii mulivalisha sanda?" akauliza.

"Na dua ilisomewa," Mariam akasema.

"Ndiyo maana injini haijafa. Za hapa kwangu hakuna anayeziombea."

Alikata kiti kutoka kwenye siti ya gari. Matairi yalitoka Zaire. Mariam akafungua fundo la kitenge, akampa plagi, ile ile. Drani aliisugua, akaifunga, akachanganya petroli na oili, na Mariam akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, na mara moshi mweupe ukajaa gereji nzima, watu wakatoka nje wanakohoa, na ule mlio wa pepepepe ukarudi duniani. Mariam alikuwa anacheka na kulia, mkono wa kushoto unazungusha gia hata kabla hajaketi.

"Ina kasoro moja," Drani akapaza sauti. "Haiwezi kunguruma imesimama. Ukiachia mafuta kidogo tu, inazima. Hii ya kwako sasa ni ya kwenda tu."

"Ilikuwa hivyo tangu zamani," Mariam akamwambia.

Waliondoka wawili kwenda Ingbokolo siku ya soko. Nasuru, koplo mzima, amekaa nyuma ya mwanamke, jembe limelala magotini, mikono haijui ishike wapi. Yaliyotokea njiani nayajua kwa mdomo wake, na ameyarudia mara nyingi. Kwamba kwenye vikunjo alipiga kelele, "Ya Mariam, polepole!" na yeye akajibu, "Polepole ndiyo inaua!" Kwamba mawe yalikuwepo vilevile. Kwamba wakati wa kurudi mzee alikaa mbele kwenye sakafu, ndani ya kitambaa cheupe, kati ya miguu ya Mariam, pale mkoba unapokaa. Askari wa mpakani akawasimamisha.

"Munabeba nini?"

"Baba," Nasuru akasema.

Askari alitazama ule mzigo, akautazama uso wa Nasuru, akavua kofia.

Tulimzika jioni hiyohiyo, jua bado lipo. Jeneza lilikuwa jepesi mno. Nilibeba mbele kushoto, na Nasuru hakuninong'oneza kitu. Shehe mwingine alikuja, akaanza dua, Mama akamwambia asiifanye ndefu, nyingine ilishasomwa.

Yakani akaja baada ya siku chache, kama nilivyojua atakuja. Akasimama kwenye kaburi, akafumba macho.

"Sasa hili kaburi iko ya nani?"

"Ya kwetu," Mama akasema kutoka mlangoni.

"Ya kwetu," Nasuru akasema kutoka kwenye mihogo.

Yakani alingoja aone nani atamwita mwenzake mwongo. Mimi nilifungua mdomo. Mama akanitazama. Nikaufunga. Mwenyekiti akakuna shingo, akasema ana kesi nyingine ya mbuzi, akaenda zake, na mpaka leo baraza halijarudi kusema lolote.

Njia ya kutokea kwetu inapita ubavuni mwa kaburi. Kwetu hupiti mbele ya kaburi la mzee na kelele za injini. Unaachia mafuta, unainamisha kichwa. Kwa hiyo kila mara Mariam akiitwa, akifika pale anaachia, na kila mara ile Vespa inazima palepale, na Nasuru anatoka mbio kwenye mihogo, majani kichwani.

"Sukuma!" ananiambia. "We Sule, mdomo hausukumi!"

Basi nasukuma, yeye kulia, mimi kushoto, mpaka barabarani. Injini inashika, moshi unatujaa usoni, na dada yangu ameshaondoka kuelekea Kuluba, kitenge kinapepea, haangalii nyuma. Nasuru anapangusa macho na kurudi kupalilia. Mimi nabaki nimesimama kati ya mihogo na kaburi, nalitazama jiwe la mpaka aliloliweka baba yetu, kule mwisho wa mihogo, chini ya majani. Bado liko pale. Nasukuma, sikatai. Lakini najua mpaka wetu unapita wapi.